Kilichomo Ndani ya Mti: Alkaloidi, Percy Julian na Dawa za Visiwani Kwetu

Mtu anayekula tambuu hufanya kazi ya kemia kila anapofungua kijaluba chake, ingawa ni wachache wanaoitazama kwa jicho hilo. Anachukua jani la mtambuu, analipaka chokaa, anaweka vipande vya popoo, pengine anaongeza tumbaku, kisha anakunja na kutia shavuni. Kila mla tambuu wa Unguja na Pemba anajua kwamba bila chokaa tambuu haikolei. Sababu yake ni kwamba chokaa ni besi kali, yaani kitu kinachopingana na asidi, na ndani ya popoo mna alkaloidi, kiambato cha mmea chenye naitrojeni, iitwayo arekolini, ambayo imekaa humo katika hali ya chumvi iliyoungana na asidi za mmea. Chokaa huivunja chumvi hiyo na kuiacha arekolini huru, nayo ikishakuwa huru hupenya ngozi laini ya ndani ya shavu na kuingia katika damu kwa wepesi zaidi. Sehemu yake hugeuzwa na chokaa hiyo hiyo kuwa arekaidini, ambayo nayo ina athari zake katika ubongo. Ndiyo maana mtafunaji huhisi joto la mwili, uchangamfu na wepesi wa kichwa.

Katika maabara ninayofundishia hapa Unguja, hatua hiyo ya chokaa hurudiwa karibu kama ilivyo. Mwanafunzi husaga majani makavu, huyaloweka katika asidi hafifu ili alkaloidi, kama zimo, zigeuke chumvi na kuyeyuka katika maji. Huchuja, halafu hutia amonia badala ya chokaa, na alkaloidi zikishaachwa huru huyakimbia maji na kuhamia katika kloroformu iliyokaa chini ya chupa. Mwishoni hudondosha tone la kitendanishi cha Dragendorff, ambacho kimetengenezwa kwa madini ya bismuthi na iodidi ya potasiamu. Kama majani hayana alkaloidi, majimaji hubaki na rangi yake ya manjano iliyofifia. Kama zimo, mashapo ya rangi ya machungwa hujitokeza mara moja, yakatanda na kushuka polepole hadi kitako cha bomba. Nimewaona vijana wengi wakilitazama jambo hilo kwa mara ya kwanza, na kila mara hunyamaza.

Jina alkaloidi lilipendekezwa mwaka 1819 na mfamasia wa Kijerumani, Carl Friedrich Wilhelm Meissner. Ni kundi kubwa la viambato vya mimea vyenye naitrojeni ndani yake, vingi vikiwa na tabia ya besi, na vingi vikiwa vichungu. Miaka ile ilikuwa ya mavuno makubwa. Friedrich Sertürner alikuwa ameshatoa morfini katika afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Pierre Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou wa Paris wakatoa striknini mwaka 1818, na mwaka 1820 wakatoa kwinini katika magome ya mti wa sinkona. Wawili hao hawakuihodhi kwinini kwa hataza, bali waliichapisha njia yao ili kila mwenye maabara aitumie. Tangu hapo mgonjwa wa malaria hakulazimika tena kunywa unga wa magome ambao leo una nguvu na kesho hauna. Akaanza kupimiwa dozi kwa mizani.

Neno hilo la mizani ndilo linalonifanya niandike. Visiwa vyetu vina sifa ya miti-dawa ambayo imevuka bahari. Watu hutoka Bara na hata nchi jirani kuja Pemba kutafuta tiba. Sisi wenyewe tunaisifu miti yetu kila siku, na siku hizi tunaisifu kwa sauti kubwa zaidi kwa kuwa imeingia katika chupa zenye lebo. Lakini sifa haijawa elimu. Ninaamini kwa dhati kwamba anayeupeleka mti wa wazee katika maabara na kukubali jibu lolote litakalotoka, liwe zuri au baya, anawaheshimu wazee hao kuliko anayeusifu bila kuufungua.

Kwanza niseme kwamba uchungu peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Wengi hudhani kila kichungu ni dawa ya homa, na kwamba kila dawa kali ni ya jamii moja. Mwarobaini ni mchungu, lakini uchungu wake mkubwa unatokana na limonoidi, ambazo hazina naitrojeni wala si alkaloidi. Shubiri ni chungu kwa sababu nyingine kabisa. Karafuu, ambayo ndiyo roho ya uchumi wa Pemba na ambayo hutuliza jino linalouma, hufanya kazi hiyo kwa yujenoli iliyomo katika mafuta yake, nayo pia si alkaloidi. Pilipili manga, ambayo watu huiona kuwa kiungo cha pilau tu, ndiyo yenye alkaloidi ya kweli, na nitaifikia.

Miongoni mwa wanasayansi wote waliozichunguza alkaloidi, mmoja ninamrudia kila mwaka darasani, naye ni Percy Lavon Julian. Alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, akiwa mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Sisi tuliozaliwa katika visiwa ambavyo soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 hatuhitaji kuelezwa sana maana ya maneno hayo. Mahali alipokulia hapakuwa na sekondari ya kweli kwa watoto weusi, kwa hiyo alipofika chuo cha DePauw, Indiana, ilimbidi asome masomo ya chuo na papo hapo ajaze mapengo ya sekondari. Alihitimu mwaka 1920 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alipata shahada ya uzamili Harvard mwaka 1923, lakini njia ya kuendelea na udaktari pale ilifungwa, kwa hofu kwamba wanafunzi weupe hawatakubali kufundishwa na mtu mweusi. Alikwenda Vienna, akasoma chini ya Ernst Späth, mmoja wa mabingwa wakubwa wa alkaloidi wa zama zile, na mwaka 1931 akarudi kwao na shahada ya udaktari.

Alichokishika baadaye kilikuwa kitu cha Afrika. Katika nchi ya Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo, Waefik walikuwa na kiapo cha maharage ya mmea utambaao uitwao Physostigma venenosum. Mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa maji ya maharage hayo yaliyopondwa. Akitapika na kuishi, hana hatia. Akifa, hukumu imekwisha. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mwavi wa Bara, uliotumika kwa namna hiyo hiyo, ambao nao una alkaloidi zake zinazoshambulia moyo. Maharage ya Calabar yalipofika Scotland, profesa Robert Christison aliyajaribu mwilini mwake mwaka 1855. Alitafuna kipande kidogo, na alipohisi mwili unalegea na moyo unakwenda ovyo, alikunywa maji yake ya kunyolea ndevu ili ajitapishe. Mwaka 1864 Wajerumani wawili, Jobst na Hesse, wakaitoa alkaloidi yenyewe wakaiita fisostigmini. Katika miaka ya 1870 daktari wa macho Ludwig Laqueur, ambaye mwenyewe alikuwa na glakoma, akaonyesha kwamba tone la dawa hiyo hupunguza presha ya jicho. Kitu kilichokuwa kikiua watuhumiwa kikawa kinaokoa macho ya watu.

Inafaa kueleza inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo mengine yote yatakuwa hadithi tu. Neva zetu hupeleka amri kwa misuli na tezi kwa kutumia kiambato kiitwacho asetilikolini. Kikishatoa amri, kimeng'enya maalumu hukivunja ili amri isiendelee bila kikomo. Fisostigmini hukizuia kimeng'enya hicho. Asetilikolini hujaa, mboni ya jicho hubana, mate na jasho hutiririka, matumbo husokota, moyo huenda polepole. Na dozi ikizidi, misuli ya kupumua hushindwa. Kiasi kidogo jichoni ni tiba, na kiasi cha maharage machache tumboni ni kifo, ilhali kiambato ni kile kile kimoja.

Umbo la molekuli ya fisostigmini lilipendekezwa na Edgar Stedman na George Barger mwaka 1925. Kazi iliyobaki ilikuwa kuitengeneza upya katika maabara, kutoka viambato vya kawaida, ili umbo lithibitike na dawa isitegemee tena mmea mmoja wa mbali. Robert Robinson wa Oxford, ambaye alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kazi yake ya mimea na hasa alkaloidi, alikuwa tayari katika mbio hizo. Julian, aliyekuwa amerudi DePauw akiwa mtafiti asiye na cheo cha kudumu, alifanya kazi hiyo pamoja na rafiki yake kutoka Vienna, Josef Pikl, na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Robinson alichapisha habari ya kiambato ambacho ni mojawapo ya hatua za mwisho kabla ya fisostigmini yenyewe. Julian alikiangalia alichokipata yeye, akaona tabia zake hazifanani na alichokieleza Robinson. Mmoja wao alikuwa amekosea, na ulimwengu wote ungedhani ni yule kijana wa Alabama.

Julian aliandika wazi katika makala yake kwamba aliyekosea ni Robinson, kisha akathibitisha kwa kipimo ambacho hata mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza anakiweza. Unga mkavu wa kiambato hutiwa katika kibomba cha kioo chembamba kama mfupa wa dagaa, kibomba hufungwa kando ya kipimajoto, na vyote viwili huzamishwa katika mafuta yanayopashwa moto taratibu. Mtu hukaa na kutazama. Kiambato kilicho safi huyeyuka ghafla katika kiwango chake cha joto, si kabla wala si baada, na kilichochanganyika na kingine huanza kulegea mapema na kuyeyuka ovyo. Fuwele alizozitengeneza Julian na fuwele zilizotokana na maharage zilikubaliana. Mwaka 1935 yeye na Pikl walitangaza usanisi kamili wa fisostigmini, na hakuna aliyeweza kuutengua.

Hata baada ya hapo DePauw haikumpa uprofesa, kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1936 alijiunga na kampuni ya Glidden mjini Chicago. Wakati wa kazi ya maharage ya Calabar alikuwa ameona fuwele za kitu kingine, stigmasteroli, na kumbukumbu hiyo ilimwongoza kuitafuta katika mafuta ya soya na kuigeuza kuwa projesteroni kwa wingi, dawa ambayo hadi hapo ilikuwa ghali mno. Aliishi hadi mwaka 1975. Mengi mazuri yanaweza kuandikwa juu ya miaka yake ya baadaye, ila mimi humshikilia pale penye kibomba cha kioo, kwa sababu pale ndipo panapoonekana kwamba ukweli wa dawa hauthibitishwi kwa ukubwa wa jina la anayeisema.

Umbo la fisostigmini lilifungua milango ambayo Waefik wasingeiota. Kutokana nalo ilitengenezwa neostigmini, ambayo katika vyumba vya upasuaji hutumika kuirudishia misuli ya mgonjwa nguvu zake baada ya dawa za kuilegeza. Kutokana nalo pia ilitoka rivastigmini, inayotumika kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, na vile vile jamii ya viuawadudu viitwavyo karbameti, ambavyo wakulima wetu huvipulizia mboga bila glavu wala kitambaa cha kufunika pua. Mkulima aliyeathiriwa na viuawadudu hivyo hufikishwa hospitali akitokwa na mate, jasho na machozi, mboni zikiwa zimebana kama ncha ya sindano. Dawa anayodungwa ni atropini, na atropini ni alkaloidi ya jamii inayoota majalalani kwetu.

Hapo ndipo ninapofika kwa mnanaha. Kila aliyekulia Pemba anaujua: mmea wa majani mapana yenye harufu nzito, ua kubwa kama tarumbeta, na tunda la mviringo lenye miiba ambalo watoto hulichezea. Wanasayansi huuita Datura. Ndani yake mna atropini, hiosiamini na skopolamini, ambazo hutenda kinyume kabisa na fisostigmini: huziba milango ambayo asetilikolini ingeingilia. Kinywa hukauka, mboni hupanuka, ngozi huwa ya moto na kavu, moyo huenda mbio, na akili hupotea.

Nilipokuwa kijana, mtoto wa jirani yetu huko Wete, ambaye alisumbuliwa na pumu, alipewa mbegu za mnanaha zilizosagwa. Jioni alikuwa hamtambui mama yake. Macho yalikuwa meusi matupu, kwa kuwa mboni ilikuwa imelimeza duara lote, na vidole vyake vilikuwa vikichuma hewani vitu ambavyo sisi hatukuviona, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu kabisa. Watu wazima walisema ameingiliwa na shetani, na saa kadhaa zilikwenda katika kumsomea kabla ya kupelekwa hospitali. Alipona, lakini lau aliyetoa dawa angeongeza mbegu chache tu, tungemzika.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo mimi nililijua baada ya kusoma kemia, ni kwamba aliyetoa dawa ile hakubahatisha ugonjwa. Kutoka India hadi Afrika, majani makavu ya jamii ya mnanaha yamefukizwa kwa wenye pumu kwa muda mrefu, kwa sababu atropini hulegeza njia za hewa. Ipratropiamu, ambayo huvutwa leo kwa kifaa cha mdomoni na wagonjwa wa pumu, ni atropini iliyobadilishwa kidogo na wakemia ili isipenye kirahisi kutoka mapafuni kwenda katika damu na ubongo. Wazee waliuona mti sawasawa na waliuona ugonjwa sawasawa. Kilichokosekana ni kipimo, na katika mnanaha kipimo hakiwezi kupatikana kwa kuhesabu mbegu, kwa kuwa kiasi cha alkaloidi hutofautiana kati ya mche na mche, kati ya mbegu na jani, kati ya msimu na msimu. Mbegu kumi za mche mmoja zaweza kuwa na nguvu ya mbegu ishirini za mche wa pili. Kwa hiyo sioni njia yoyote ya salama ya kuutumia mnanaha nyumbani, na ninalisema hilo bila kuwavunjia heshima waliotutangulia.

Wakati mwingine mambo huwa kinyume, yaani mti ni wa kweli lakini ugonjwa sio. Kuna ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, ambalo hupandwa mbele ya nyumba nyingi na hujiotea hata pasipopandwa. Asili yake ni Madagaska, na jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus. Nchi nyingi za joto hulichemsha majani yake kama dawa ya kisukari. Katika miaka ya 1950 bahasha ya majani hayo ilitumwa kutoka Jamaica kwenda Kanada, ikafika mikononi mwa Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, ambaye aliwapa panya maji yake ili aone kama sukari itashuka. Sukari haikushuka. Panya wale, hata hivyo, walikufa kwa maambukizi, na Noble hakutupa daftari lake. Aliwapima damu akaona seli nyeupe zimepungua mno. Pamoja na mkemia Charles Beer alizitafuta sababu zake, na mwaka 1958 wakaitangaza alkaloidi waliyoipa jina ambalo leo ni vinblastini. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly nao wakatoa vinkristini katika mmea huo huo, na dawa hiyo, pamoja na nyingine, hadi leo huwaponya watoto wengi wenye saratani ya damu.

Majani makavu ya mamia ya kilo hutoa takriban gramu moja ya alkaloidi hizo. Kwa hiyo anayechemsha majani hayo nyumbani kwa ajili ya sukari anajipa dawa isiyoshusha sukari kwa namna ya kutegemewa, na pia hawezi kujitibu saratani kwa njia hiyo. Vinkristini hudungwa katika mshipa kwa dozi zilizokokotolewa kwa ukubwa wa mwili wa mgonjwa, chini ya macho ya watu wanaojua kwamba ikiingia mahali pasipo pake huua. Lakini lau wale wa Jamaica wasingelitumia jani lile, hakuna ambaye angelichukua hadi Kanada. Mapokeo yaliuonyesha mlango, na kilichokuwamo ndani kilikuwa kikubwa kuliko kilichotarajiwa.

Sasa pilipili manga. Anayetembelea mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi ataiona imeparamia miti, vishada vyake vikining'inia vibichi kama shanga. Ukali wake unatokana na alkaloidi iitwayo piperini, ambayo ilitolewa mwaka 1819 na Mdenmark Hans Christian Ørsted, mwaka mmoja kabla ya kugundua uhusiano wa umeme na sumaku. Piperini peke yake si sumu ya kutisha kwa kiasi cha chakula. Uzito wake uko katika mwenendo wake na dawa nyingine: huvizuia baadhi ya vimeng'enya vya ini na vya ukuta wa utumbo ambavyo kazi yake ni kuzivunja dawa. Majaribio kwa watu yameonyesha kwamba piperini huongeza kiwango cha fenitoini katika damu, na fenitoini ni dawa ya kifafa ambayo nafasi kati ya dozi yake inayotosha na dozi inayodhuru ni nyembamba.

Ninaitaja fenitoini kwa sababu kifafa visiwani kwetu hutibiwa mara nyingi kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Familia huchukua vidonge hospitali na huchukua mchanganyiko wa mizizi, asali na pilipili manga kwa mtabibu, na haimwambii yeyote kati ya wawili hao habari ya mwenzake. Pilau haitamdhuru mgonjwa. Vijiko vya pilipili manga iliyosagwa, vinavyolambwa na asali asubuhi na jioni kwa wiki nyingi, ni jambo la kumwambia daktari. Nawaomba wauguzi waulize swali hilo kwa upole na bila dharau, maana akiulizwa kwa kukaripiwa mtu hatajibu kweli.

Yuko pia yule anayesema kwamba dawa ya asili haina kemikali. Namjibu kwamba kila kilichomo katika jani ni kemikali, na kwamba alkaloidi nyingi zipo katika mmea kama ngao dhidi ya wanaoula, wakiwamo wadudu na wanyama. Hata tambuu niliyoanza nayo haikusalimika: mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini yake kwamba popoo husababisha saratani kwa binadamu, hata pale isipochanganywa na tumbaku. Uzee wa desturi haukutukinga na hilo. Ulichelewesha tu kuuliza kwetu.

Ninaye ami yangu huko Pemba ambaye ni mtabibu wa miti, na ambaye elimu yake ya mimea ni pana kuliko yangu kwa mbali. Safari moja nilimwonyesha bomba lenye mashapo ya rangi ya machungwa, yaliyotokana na magome aliyonipa mwenyewe.

“Sasa hiyo rangi inakwambia kama mti huu unaponya?” aliniuliza.

“La, ami. Inaniambia kwamba zimo alkaloidi. Hainiambii ni zipi, wala ni kiasi gani, wala kama zinaponya.”

“Basi mwanangu, umefika mlangoni tu.”

Alisema kweli, na sijaona mwalimu wa chuo aliyelieleza jambo hilo kwa ufupi kuliko yeye. Baada ya rangi ya machungwa kuna kuzitenga alkaloidi moja moja, kujua umbo la kila moja, kuzijaribu katika seli na wanyama, kisha kwa watu waliokubali kwa hiari na kwa usimamizi. Na mti mwingi huishia njiani. Kazi hiyo inahitaji mashine ghali na miaka. Tanzania haikuanza jana: kitengo cha utafiti wa dawa za asili cha Muhimbili, ambacho leo ni taasisi, kilianzishwa mwaka 1974. Na sisi wa Zanzibar tuna chuo kikuu chetu na tuna watafiti. Hatua ya kwanza kabisa, ambayo ndiyo tunayoikosa zaidi, haihitaji mashine yoyote.

Hatua hiyo ni kuandika. Jina moja la mti hubeba mimea miwili tofauti Makunduchi na Micheweni, na mmea mmoja hubeba majina matatu kati ya Unguja na Pemba. Anayenunua mzizi uliokaushwa sokoni Darajani hana njia ya kujua ameuziwa upi. Kwa hiyo mimi na ami tumeanza daftari. Kila mti una ukurasa wake, na kwenye ukurasa hubandikwa tawi lililokaushwa katikati ya magazeti, lenye jani na ua au tunda, ili mtaalamu wa mimea asiyetujua aweze kuutambua bila kutegemea neno letu. Chini yake huandikwa jina kama linavyotamkwa pale ulipochumwa, shamba au msitu, mwezi, sehemu inayotumika, ulichemshwa kwa muda gani na kwa maji kiasi gani, alipewa mtu wa umri gani kwa maradhi gani, na alikuwaje baada ya hapo, hata kama hakupona. Jina la mgonjwa haliandikwi. Jina la ami huandikwa kila ukurasa, kwa kuwa elimu ni yake, na ikiwa siku moja dawa itatoka humo, haki yake na ya kijiji chake iwe imethibitishwa kwa wino.

Sehemu ya “hakupona” ndiyo iliyochukua muda kukubaliwa. Ami aliona kwamba inamvunjia sifa mbele ya watu. Nilimsimulia habari za panya wa Kanada ambao sukari yao haikushuka, akaniuliza maswali mengi kuhusu lile ua, kisha akanitajia mwenyewe magonjwa mawili ambayo mzizi anaoutumia zaidi haujawahi kuyasaidia. Tuliyaandika yote mawili. Ukurasa wa mnanaha aliutaka uwe wa kwanza, na akataka neno sumu litangulie neno dawa, kwa herufi kubwa, kabla ya kitu kingine chochote kuandikwa hapo.